Sharti la Mweka Wakfu

Fungua juzuu ya mwaka 1952 ya hukumu za rufaa zinazochapwa London, zile ambazo mawakili wa nchi zilizotawaliwa na Uingereza wamezisoma kizazi baada ya kizazi. Ukurasa wa kwanza kabisa una majina mawili ya kwetu: Fatuma binti Mohamed bin Salim Bakhshuwen, dhidi ya Mohamed bin Salim Bakhshuwen. Kesi ilitoka Kenya, ikapita Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ikavuka bahari. Ukoo ni wa Kihadhrami, lakini jina la binti limeandikwa Fatuma, kwa ile "u" yetu ya Pwani, na kila nikiliona pale juu ya ukurasa wa Kiingereza hunigusa.

Kilichogombaniwa ni wakfu. Fatuma alitaka usimame, akashindwa. Waamuzi walisema wakfu ule ni batili, kwa kuwa manufaa yake yaliwekewa jamaa, kizazi hadi kizazi, na maskini wakatajwa mwisho, ukoo utakapokatika. Tunapozungumzia kubadilisha masharti ya mali iliyowekwa amana kwa ajili ya warithi, kwa kawaida tunafikiria mambo ya wastani: kumwongeza mjukuu aliyezaliwa baadaye, kumwondoa msimamizi mla mali, kuuza nyumba iliyobomoka na kununua nyingine. Hapa sharti halikurekebishwa hata kidogo. Liliambiwa halikuwahi kuwa sharti.

Ili kuona uzito wa hukumu ile inabidi kurudi nyuma sana, hadi Khaybar, kaskazini ya Madina. Umar bin al-Khattab alipata ardhi pale, ardhi nzuri kuliko mali yoyote aliyowahi kuipata, akaenda kumuuliza Mtume aifanyie nini. Jibu alilopewa ndilo lililozaa elimu yote ya wakfu: azuie shina, atoe matunda. Ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Na Umar akataja watakaokula matunda yake: maskini, jamaa wa karibu, watumwa wanaotafuta ukombozi, wanaotoka katika njia ya Mungu, wageni na wasafiri. Msimamizi naye aruhusiwe kula kwa wema bila ya kujirundikia. Usimamizi akamwachia binti yake, Hafsa.

Msomaji aliangalie neno moja katika orodha ile: jamaa. Hawakuingizwa kwa mlango wa nyuma. Wametajwa pamoja na maskini. Abu Talha naye, alipotaka kuitoa bustani yake ya mitende iliyotazamana na msikiti wa Mtume, aliambiwa awape jamaa zake, akawagawia. Katika dini ya watu wa Pwani, kumlisha mtoto wa ndugu yako ni sadaka kamili, tena ina ujira mara mbili, wa kutoa na wa kuunga udugu. Ukilishika hilo, yote yaliyotokea baadaye mahakamani yatakuwa wazi kwako.

Wanazuoni wakaweka kanuni kwamba sharti la mweka wakfu lina nguvu kama maandiko ya Sharia. Akisema nyumba ni ya masharifu wa mji fulani, basi ni yao. Akisema wa kike na wa kiume wagawane sawasawa, ndivyo, hata kama mirathi ingegawanya vingine. Nguvu hiyo ndiyo iliyowavuta watu wengi kuandika wakfu badala ya kuyaacha mambo kwenye mirathi peke yake. Mirathi hukata shamba vipande vipande: baada ya vizazi vitatu mtu anarithi sehemu ya mnazi. Wasia nao haupiti theluthi moja ya mali, wala mrithi haandikiwi wasia bila ridhaa ya wenzake. Wakfu unaowekwa na mtu mzima wa afya, angali hai, hutoka nje ya mipaka hiyo.

Ndiyo sababu Unguja na Pemba kuna mashamba ya mikarafuu yaliyowekwa wakfu, na Mji Mkongwe kuna majumba, na Mombasa na Malindi kuna viwanja na minazi. Hati zake zinataja watoto na wajukuu. Zinataja watumwa walioachwa huru na vizazi vyao. Zinataja mwadhini, msomaji wa Kurani kaburini, mafuta ya taa ya msikiti, futari ya mwezi wa Ramadhani. Wenye mashamba ya karafuu walizama katika madeni, na mali ya wakfu haipigwi mnada na mdai. Sitaficha kwamba wako waliouandika wakfu kwa sababu hiyo tu, na wako walioutumia kuwanyima mabinti zao fungu ambalo Mungu mwenyewe aliwapangia. Hilo lilikuwa dhuluma, na masheikh walilikemea. Lakini pia wako walioutumia kumwekea paa binti ambaye walijua kaka zake wangemtoa nje, au kumlinda mama wa mtoto aliyekuwa suria, au mzee aliyewatumikia maisha yake yote na ambaye katika mirathi asingepata hata senti.

Sasa, je, sharti lenye nguvu ya maandiko linabadilika? Kwa wafuasi wa imamu Shafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa Pwani yetu, jibu la kwanza ni hapana. Milki ya kitu imekwenda kwa Mwenyezi Mungu, na aliyekiweka hana tena mkono juu yake. Akiandika kwamba anabaki na haki ya kuurudisha wakfu siku atakayopenda, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa wakfu huo haukufungika.

Jibu la pili liko katika vitabu vilevile, nalo ni la watu walioishi na vitu vinavyochakaa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anayajadili katika Minhaji, kitabu ambacho madarsa ya Pwani yamekisomesha kwa karne nyingi. Mti wa wakfu ukikauka, wakfu haukatiki; gogo litumike. Majamvi ya msikiti yakilika kabisa, yanaweza kuuzwa. Boriti ikivunjika ikawa haifai ila kuni, nayo iuzwe. Lakini msikiti ukianguka na kusiwe na njia ya kuujenga upya, kiwanja hakiuzwi kamwe. Ninaposoma mlango huo namwona mtu aliyekwisha kukaa na mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, akamsikiliza, akatembezwa mpaka nyuma ya msikiti kuonyeshwa boriti yenyewe. Milango ya mabadiliko ipo, ila ni midogo, na kila mmoja umewekwa mahali pake: kinachoharibika kwa matumizi kinaachiwa kiende, kilichokusudiwa kidumu kinashikwa.

Mabadiliko mengine yalipita bila kelele. Umeme ulipoingia misikitini, fungu la mafuta ya taa lilikosa taa. Mweka wakfu alitaka watu waone msahafu usiku, hakuwa na haja na mafuta kama mafuta. Kulipia umeme kwa pato lilelile ni kulitimiza sharti lake kwa chombo kipya. Ugumu unaanza pale kusudio lenyewe linapokufa, au pale pato linapozidi mara kumi ya kinachohitajika.

Nchi za Kihanafi zilikwenda njia nyingine. Misri na katika miji ya dola ya Uthmaniya, mweka wakfu alikuwa akijiwekea ndani ya hati yale yaliyoitwa masharti kumi, ambayo huenda mawili mawili: kuongeza na kupunguza, kuingiza na kutoa, kupa na kunyima, kugeuza na kubadili, kubadilisha kitu kwa kitu na kukinunua kingine mahali pake. Alikuwa na uhuru wa kujiwekea yote au baadhi, kwa muda wote wa uhai wake au kwa mara moja tu, na hata kumpa msimamizi haki hizo. Mtoto akiwa mtovu wa adabu alitolewa, akitubu aliingizwa. Kwa fikra za leo za kupanga mirathi, hicho ni kifungu cha marekebisho kilichotungwa na mafakihi karne nyingi kabla ya mawakili wa sasa, na nakistahi kwa sababu kinaweka mbele ya macho ya wote nani ana haki ya kugeuza nini, kabla ugomvi haujaanza.

Uingereza ilipokuja kuitawala Pwani yetu ilikuwa na amana yake yenyewe, iliyofanana na wakfu kwa sura na kutofautiana nao tumboni. Mwaka 1841 mahakama ya London iliamua kesi ya Saunders dhidi ya Vautier. Kijana Vautier aliachiwa hisa za Kampuni ya India ya Mashariki, na wasia ukasema asubiri mpaka afikishe miaka 25. Alipotimiza 21 alizidai, akapewa. Kanuni iliyobaki ni kwamba wanaonufaika wote, wakiwa watu wazima na wakiwa na neno moja, wanaweza kuivunja amana na kugawana mali, hata kama marehemu alisema vingine. Kwa Mwingereza, mali ile kwa haki ni ya wale wanaonufaika. Katika wakfu, ukiwakusanya wote wanaonufaika, mpaka wa mwisho, bado mwenye mali hayumo chumbani.

Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890. Mwaka 1905, zama za Sultani Ali bin Hamud, iliundwa Kamisheni ya Wakfu. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo mtupu: baadhi ya mutawali walikuwa wamezigeuza mali za wakfu kuwa zao, hati zilipotea, majumba yaliachwa yaanguke. Sheria zilizofuata ziliipa Kamisheni nguvu za kuushika usimamizi, na kitu kipya kabisa: pale ambapo kusudio la mweka wakfu haliwezi kutekelezwa kwa njia inayofaa, au pato limezidi, Kamisheni ilipewa uwezo wa kulielekeza pato hilo kwenye kheri nyingine za Waislamu.

Maneno "kwa njia inayofaa" ndiyo yanayonishughulisha. Inafaa kwa nani? Kwa ofisa aliyelelewa katika sheria ya Kiingereza, kheri ilikuwa shule, hospitali, chakula cha fukara asiyekuhusu. Kumlipa mtu asome Yasini kwenye kaburi la bibi yako kila Alhamisi jioni hakukumwingia kichwani kuwa ni kheri ya umma. Kwa aliyeandika hati, hiyo ndiyo iliyokuwa kheri ya kwanza, nyingine zilifuata. Pesa zilizookolewa kutoka mikononi mwa wezi zilikuwa halali kuokolewa, na wapo waliosoma na kutibiwa kwa sababu hiyo. Lakini sharti liligeuzwa na mtu asiyeamini katika kitu ambacho sharti lilikuwa likikilinda, na hapo pana jeraha ambalo hesabu nzuri za ofisi hazilioni.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Bengali. Mwaka 1894 Kamati ya Mahakama ya Baraza la Mfalme, iliyokuwa ndiyo rufaa ya mwisho kwa makoloni, iliamua kesi ya Abul Fata. Ndugu wawili walikuwa wameweka mali yao wakfu kwa ajili ya vizazi vyao, na baada ya ukoo kumalizika, mali iende kwa mayatima, wajane na fukara. Lord Hobhouse na wenzake wakasema fungu la fukara ni la mbali mno, ni kiinimacho, na kilichobaki ni mtu kuitafutia familia yake mali isiyokwisha. Waislamu wa India walihisi wameambiwa kwamba hawaijui dini yao. Jaji Ameer Ali alikuwa ameshaandika rai ya kupinga mtazamo huo katika kesi nyingine huko Kalkuta, akionyesha kwa hadithi na vitabu kwamba kuwapa jamaa ni sadaka. Hakusikilizwa. Ilibidi wakili kijana wa Bombay, Mohammad Ali Jinnah, aubebe mswada katika baraza la kutunga sheria, na mwaka 1913 India ikapata sheria ya kuuhalalisha tena wakfu wa familia.

Sheria ile ilikuwa ya India. Haikuvuka bahari kuja kwetu. Hukumu ya mwaka 1894, kwa upande wake, ilivuka, kwa kuwa majaji wa Afrika Mashariki walifungwa na maamuzi ya London. Fikiria hali ilivyokuwa: mfanyabiashara Mwislamu wa Bombay alikuwa na uhuru wa kuwawekea wanawe wakfu, na binamu yake wa Mombasa, mwenye dini ileile na aliye chini ya Mfalme yuleyule, alikatazwa kwa jina la sheria ya Kiislamu, kama ilivyofasiriwa na mabwana ambao hawakuwahi kumsoma Nawawi.

Mwaka 1946 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua hivyohivyo katika kesi ya Said bin Muhammad el-Riami na wenzake dhidi ya Kamisheni ya Wakfu ya Zanzibar. Waliopinga walieleza kwamba Zanzibar ni nchi ya Kiislamu yenye Sultani na makadhi wake, na kwamba makadhi hao, wa Kisuni na wa Kiibadhi, wanaujua wakfu wa familia. Haikusaidia. Ndipo Zanzibar ikatoa dekrii ya kuuhalalisha. Kenya ilikuwa bado haijafanya hivyo, na hapo ndipo kesi ya Fatuma ilipokutwa. London ilishikilia msimamo wake kwamba sheria ya Kiislamu ni moja popote ilipo, na kwa kuwa ilishafasiriwa kwa ajili ya Bengali basi imefasiriwa kwa ajili ya Pwani.

Kenya nayo ilitunga sheria yake ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, mwaka mmoja kabla ya juzuu ile yenye kesi ya Fatuma. Ilisema wakfu kwa ajili ya familia, watoto, vizazi na jamaa ni halali maadamu mwisho wake umewekewa maskini au jambo jingine la dini na kheri la kudumu, kwa kutajwa wazi au kwa kufahamika. Mtaalamu wa Kiingereza J. N. D. Anderson, aliyezunguka makoloni ya Afrika na kuandika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria ya Kiislamu, aliona wazi kwamba mahakama za rufaa zilikuwa zimekwenda kinyume na vitabu vya Waislamu wenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka hunistaajabisha: katika mwaka huohuo wa 1954 Bunge la Mabwana, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua katika kesi ya Chapman kwamba majaji hawana uwezo wa jumla wa kubadilisha masharti ya amana ya Kiingereza kwa niaba ya watoto wadogo na wasiozaliwa. Ilibidi sheria mpya itungwe mwaka 1958 kuwapa uwezo huo. Kwao wenyewe, kugusa neno la marehemu kulihitaji idhini ya Bunge.

Tusijidanganye kwamba maadui wa wakfu wa familia walikuwa Wazungu peke yao. Syria iliufuta mwaka 1949. Misri ilianza mwaka 1946 kwa sheria iliyomruhusu mweka wakfu kurudi nyuma na kugeuza masharti yake, ikaweka na ukomo wa muda kwa wakfu wa familia. Mwaka 1952, baada ya mapinduzi ya maofisa, ikaufuta kabisa. Walichosema huko si kitu cha kupuuzwa: ardhi nyingi imelala, wanaonufaika wamekuwa mamia, kila mmoja anapata vijisenti, hakuna anayepanda mti mpya. Ninawaelewa. Shamba linalomilikiwa na kizazi kizima huota majani kwa kuwa kila mmoja anamngoja mwenzake. Dawa yake naiona katika msimamizi mwenye nguvu na hesabu zinazosomwa hadharani, kuliko kuung'oa mti kwa sababu haukupaliliwa.

Zanzibar ilipata mapinduzi yake mwaka 1964, na ardhi ikawa ya serikali. Katika utaifishaji ule mali za wakfu nazo zilitikiswa; wengi waliokuwa wakila matunda yake walikuwa wameshatawanyika, wengine mpaka Maskati na Dubai. Leo usimamizi uko kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sheria ya mwaka 2007. Kenya nayo iliachana na sheria ya 1951 na kutunga Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022.

Anayetaka kuandika wakfu leo Pwani ana nafasi zaidi ya aliyokuwa nayo babu yake, endapo ataitumia kabla ya kutia saini. Hawezi, kwa madhehebu ya wengi wetu, kujibakishia haki ya kuurudisha. Lakini ataje nani anachukua usimamizi na anaondolewa kwa kosa gani na nani. Ataje nyumba ikianguka, ijengwe kwa pesa ipi kabla yeyote hajala. Ataje kama wa kike na wa kiume ni sawa, na asiliache jambo hilo kwa desturi. Ataje kisima kikikauka maji yatafutwe wapi. Kadhi na wakili wakae chumba kimoja wakati hati inaandikwa, kwa sababu wasipokutana hapo watakutana mahakamani, na mweka wakfu hatakuwapo kueleza alichomaanisha.

Hati za zamani nyingi ziko katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, kwa mwandiko wa Kiarabu ulioanza kufifia. Zinafuata mpangilio unaokaribiana: mipaka ya shamba, kaskazini na kusini, majina ya watoto, watoto wa watoto na wanaotokana nao, na chini kabisa, watakapokuwa wamekwisha wote, maskini wa Kiislamu. Mstari huo wa mwisho ndio ambao London iliuona uko mbali mno kuhesabiwa. Koo nyingine zimeshakatika sasa, na kwa mashamba yao ndio mstari pekee uliobaki na wenyewe.